Sukari Nguru ya Butali na Mwanafunzi Aliyeitwa Jana

Tangu nirudishe funguo za karakana, Madam Lusweti aliyechukua nafasi yangu amekuwa akinipigia simu kuuliza mambo ambayo hayamo kwenye faili yoyote. Mwanafunzi wa kigeni akifika na kukataa kula, unamfanya nini? Mwenye biashara akimkataa mgeni wake mbele ya watu, unaanzia wapi? Nimechoka kujibu kwa vipande. Kwa hiyo nimekaa hapa nyumbani, nje kidogo ya mji wa Kakamega, niyaandike kwa mpangilio, na wengine wanaokuja wasome. Vyeo na mishahara nimeviacha. Havikuwa na la kusimuliwa hata vilipokuwa vipya.

Nilianza kama fundi wa kuchomelea vyuma. Katika chuo cha ufundi darasa letu lilikuwa la wavulana na mimi. Siku ya kwanza niliutazama ule mwanga wa welding kama mtu anavyotazama kitu kizuri, bila kioo. Jioni macho yangu yalijaa mchanga ambao haukuwepo. Mama alikata viazi vibichi akanibandika kwenye kope, akaniambia kuna kozi za ushonaji. Kesho yake nilirudi. Mwalimu wetu, Mukhwana, aliyaona macho yangu mekundu, akanipa kioo cha giza, akasema, "Wewe sasa umejua. Hawa wengine nitawaambia mpaka nichoke."

Mwalimu Mukhwana ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu ambacho baadaye niliwafundisha wengine. Alikuwa na tabia ya kumaliza kazi, kuiweka kando ipoe, kisha kwenda kunywa chai kabla ya kuitazama tena. Alisema kazi huyadanganya macho ya fundi ikiwa bado ina joto. Alitukataza pia kumlaumu mteja. "Mteja hawezi kusoma akili yako," alikuwa akisema. "Ukitengeneza meza, jua kuna mtu ataipanda abadilishe balbu. Hiyo si ujinga. Hiyo ni matumizi."

Alipostaafu nilirithi darasa lake, nikafundisha kwa miaka. Halafu shirika dogo likaanza kuleta wanafunzi wa ubunifu kutoka vyuo vya nje ili wajitolee kwa miezi michache na wajasiriamali wa huku. Walitaka mtu anayejua kuchomelea, anayeongea Kiingereza na anayeweza kula katika nyumba ya mtu yeyote bila kukunja uso. Sifa ya tatu ndiyo iliyonipa kazi. Wengi waliokuwa na zile mbili za kwanza walikuwa wamesoma sana.

Wanafunzi wa mwanzo niliwapeleka Chekalini, kwa mzee mmoja mkulima wa mahindi. Walibuni ghala lenye magurudumu. Mzee alilizunguka, akauliza mahindi yanasafiri kwenda wapi. Tulicheka sana ofisini, na kwa muda mrefu nilikuwa nikikisimulia kisa hicho kama mfano wa wageni wasioelewa. Kisha mzee akakosana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba, na asubuhi moja akalisukuma ghala zima, mahindi ndani, mpaka upande wake. Tangu hapo niliacha kucheka mapema.

Jana alikuja baadaye. Alikuwa mwanafunzi wa ubunifu wa bidhaa kutoka Ucheki, mrefu, mwenye nywele fupi na haraka ya kushika vitu. Jina lake lilitusumbua kabla hajatua. Niliandika kwenye ubao wa ofisi, "Jana atafika kesho," na kila aliyeingia akaniuliza kama ninaumwa.

Nilimpeleka kwa Perista Nanjala, mwenye kiwanda kidogo cha sukari nguru ng'ambo ya Butali. Nasema kiwanda, lakini ni uwanja tu wenye paa la mabati. Upande mmoja kuna injini ya dizeli na kinu cha kukamua miwa. Upande wa pili kuna tanuri lililochimbwa ardhini, lenye bomba refu la moshi lililolazwa chini, na juu ya tanuri karai pana ambamo maji ya miwa huchemshwa kutwa mpaka yawe mazito kama uji. Moto wake ni makapi ya miwa yaliyokaushwa. Uji ukiiva huchotwa kwa upawa wa mpini mrefu na kupelekwa kwenye kalibu za mbao, ambamo hupoa na kuwa matofali ya kahawia. Wanunuzi huja na pikipiki. Wengine hupeleka madukani. Wengine walinuka pombe na hawakusema wanapeleka wapi, na Perista hakuwa na mazoea ya kuwauliza.

Msimamizi wa moto alikuwa Wafula, shemeji yake Perista. Alikuwa mtu wa maneno machache, na msimu uliotangulia alikuwa amemwona mwenzake akimwagikiwa mkononi wakati wa kubeba upawa. Ndiyo maana Jana alipotoa mfano wake mdogo wa plastiki, karai lililokaa juu ya ekseli ambalo mtu angeliinamisha kwa mkono wa chuma bila kuchota, Wafula ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote.

"Hii ikifanya kazi, hakuna mtu atatembea na moto tena," alisema, akiugeuza ule mfano kiganjani. "Tujaribu hii kitu."

Tuliitengeneza karakanani. Jana alijifunza kukata chuma kwa grinda na kuchomelea mishono ambayo haikuwa mizuri lakini ilishika. Tuliijaribu kwa maji. Karai liliinama taratibu, maji yakateremka kama mtu mwenye adabu. Tuliijaribu tena mbele ya Perista, naye akaridhika. Ilibaki kujaribu kwa uji wenyewe.

Siku hiyo kila mtu alisimama mbali isipokuwa Wafula, aliyeshika mkono wa chuma, kwa sababu alikataa mtu mwingine aushike. Uji wa miwa si maji. Karai lilipoanza kuinama, uji haukusogea. Uling'ang'ania chini. Wafula akaongeza kidogo, na hapo ukaja wote kwa pamoja. Uzito ukahamia mbele, karai likajipindua, ncha moja ya ekseli ikachomoka, na uji ukapiga ardhi na kurukia mguu wake wa kulia, kuanzia chini ya goti. Alikuwa amevaa akala, viatu vya wazi vya tairi. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta mahali pazuri, kisha akaanza kutetemeka.

Sukari ya moto ikikushika haikuachi, maana hunata. Tulimmwagia maji baridi mfululizo, Perista akiwazuia waliotaka kumpaka mafuta ya kupikia. Pikapu ya jirani ikampeleka hospitali. Jana alipanda nyuma pamoja naye. Nilipofika huko nilimkuta amesimama ukutani, mikono imeshikana, akisema Kicheki peke yake.

Jioni hiyo aliniambia anataka kwenda nyumbani. Chuo chake nacho, nilipokiarifu, kikasema arudi mara moja. Kwa upande wa karatasi, kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa tayari nimeanza kuulizia tiketi yake wakati Anjelina, mke wa Wafula, alipoingia ofisini kwangu na leso kichwani na mtoto mgongoni.

Nilimkaribisha kiti. Akakataa.

"Mwalimu, mimi sitaki kesi," alisema. "Watu wananiambia niende polisi. Sitaki. Huyo msichana yuko wapi?"

Jana alikuwa chumba cha pili. Alitoka mwenyewe.

"Wewe ndio Jana?"

"Ndiyo, mama. Pole. Pole sana, mama."

"Pole nimeshiba. Kila mtu ananiletea pole." Anjelina alimtazama kutoka viatuni hadi usoni. "Kiswahili unasikia?"

"Kidogo."

"Basi Mwalimu atakuelezea. Bwana yangu analala hospitali. Msimu ndio huu. Asipokuwa kwa moto, Perista ataweka mtu mwingine, na huyo mtu mwingine akizoea hapo, hatatoka. Nani atamtoa? Wewe unasema ulikuja kujitolea. Haya, jitolee. Simama pale pahali pa Wafula mpaka apone. Na kile Perista hulipa mtu wa moto, apeleke kwangu."

Nilimfasiria. Kabla Jana hajajibu nilikuwa nimefikiria sababu zote za kukataa. Nilizitaja kwa sauti pia, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilisema chuo kimemwita, kwamba bima haitamlinda, kwamba yeye si mtu wa moto.

"Hata bwana yangu hakuzaliwa mtu wa moto," Anjelina alisema.

Jana akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna sheria inayomkataza kukaa mpaka mwisho wa kibali chake cha kuwa nchini. Nikamwambia haipo. Akamgeukia Anjelina. "Nitakuja," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ajali akakaa kwenye kiti.

Perista ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. "Mimi sina nafasi ya kufundisha mtu kuungua," aliniambia barabarani, ili Jana asisikie. Lakini Anjelina alikuwa mke wa ndugu wa marehemu mume wa Perista, na mambo ya nyumba hiyo hayakuwa yangu kuyaamua. Walizungumza wawili kwa Kitachoni kwa muda mrefu. Mwishowe Perista akasema, "Sawa. Lakini hata yeye atavaa viatu." Nilitoa karakanani aproni za ngozi, glavu za kuchomelea na buti, si za Jana tu bali za wote wanaosimama tanurini. Jambo hilo lilipaswa kufanywa zamani, na hakuna aliyelifanya, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hii ni sababu ambayo mtaisikia sana katika kazi hii.

Sitasema Jana alifanya vizuri. Siku za kwanza alikohoa moshi mpaka akatapika. Alichelewa kutoa povu, maji ya miwa yakafurika na kuzima nusu ya moto. Aliunguza karai zima likawa jeusi, na Perista hakusema neno, jambo lililomuumiza Jana kuliko matusi. Karai hilo lilinunuliwa hata hivyo, na wale wasiosema wanapeleka wapi. Aliacha kuzungumza juu ya ubunifu. Nilipokwenda kumtazama alinieleza tu habari za makapi, yapi yamekauka na yapi bado, kama mkulima anavyozungumza juu ya mvua. Wanawake wa pale walianza kumtania. Perista akimtafuta alikuwa akiita, "Jana! Jana yuko wapi leo?" na uwanja wote ukacheka, na Jana, alipoelewa kwa nini, akacheka pia.

Hospitalini Wafula hakutaka kumwona. Jana alikuwa akimpelekea uji na matunda kila alipopata nafasi, lakini aliviacha kwa Anjelina mlangoni. Mimi nilipoingia, Wafula aliniuliza jambo moja tu. "Anatoa povu?"

"Anatoa."

"Haraka ama polepole?"

Nikamwambia sijui. Akageukia ukuta.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mguu ukiwa bado umefungwa, hakukaa nyumbani. Asubuhi moja alikuja uwanjani na fimbo, akatafuta gogo la mti akakaa, akamtazama Jana akifanya kazi yake. Nilikuwepo. Alivumilia kwa kitambo, kisha akashindwa.

"Wewe msichana! Povu unatoa kama mtu anafukuza nzi. Pole pole. Vuta, usipige."

Jana akavuta.

"Hivyo. Sasa ngoja. Ngoja. Tena."

Ndivyo walivyoanza kuzungumza. Wafula alikuja siku nyingi baada ya hapo. Yeye aliketi, Jana akachochea, na maagizo yakaruka juu ya tanuri. Siku moja wakati wa chai Jana alikaa chini karibu naye, akautazama ule mguu, na akauliza kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa na lafudhi ya Butali kama bado unauma.

"Usiku unawasha sana," Wafula alisema. Kisha, baada ya kunywa chai, "Ile karai yako haikuwa mbaya. Shida yake ilikuwa haraka. Ilitaka kumaliza kila kitu mara moja."

Jana aliweka kikombe chini. Aliokota kijiti akachora mavumbini. Alisema amesimama pale muda wa kutosha kuona kwamba hatari si kuchota. Hatari ni kutembea. Mtu anachota, anageuka, anapita kati ya watu na upawa uliojaa mpaka kwenye kalibu. Je, kama mtu angechota na kumwaga papo hapo ukingoni, kwenye mfereji wa bati, na uji ujipeleke wenyewe?

"Utaganda njiani," Wafula alisema.

"Najua. Kwa hiyo mfereji upite juu ya bomba la moshi. Moshi uupashe joto."

Wafula aliutazama ule mchoro, akachukua kijiti mkononi mwa Jana, akaongeza vistari viwili. "Na hapa mwisho weka kilango cha mbao. Kalibu ikijaa, unafunga. Sitaki mtu akimbie na kalibu."

Tuliijenga kwa mabaki ya ile fremu ya kwanza. Mara hii hatukujaribu kwa maji. Tulijaribu kwa uji kidogo, kisha zaidi kidogo, na kila mara tuliacha kila kitu kipoe na kwenda kunywa chai. Mfereji wa kwanza ulikuwa na mteremko mdogo, uji ukalala njiani. Wa pili ulikuwa mkali mno, ukaruka kalibu. Wa tatu ulikaa. Siku ya kuujaza kweli Wafula aliweka fimbo kando, akavaa buti na aproni, akachukua upawa kutoka kwa Jana. Anjelina alikuwepo. Hakutaka kutazama, na hakuondoa macho.

Alichota, akamwaga ukingoni. Uji ukateremka kwenye bati ukitoa mvuke, ukafika kilangoni, ukaingia kwenye kalibu bila sauti. Akachota tena. Hakuna aliyepiga makofi. Perista alisema, "Haya, msisimame hapo kama watu wa harusi, moto unaisha," na kazi ikaendelea mpaka karai likawa tupu. Wafula alipomaliza alivua glavu. Alikaa kwenye gogo, akamwambia Jana alete chai.

Msimu ulikuwa bado haujaisha, na nafasi ya motoni ilikuwa yake tena. Hilo ndilo Anjelina alilokuwa amelitaka.

Kabla Jana hajaondoka, Anjelina alimwalika nyumbani, nami nikaenda kama mkalimani ambaye hakuhitajika tena. Alipika ingokho na obusuma, kuku na ugali wa huku. Wenzangu wa huku mnajua kwamba kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, na kuna nyumba zilizovunjika kwa sababu ya mke aliyesahau. Anjelina aliiweka mbele ya Wafula kama ipasavyo. Wafula akaitazama, akaichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani ya Jana.

"Kula," alisema. "Ni ya mtu wa moto."

Jana hakujua amepewa nini. Aliila kwa heshima, akasema ni ngumu kidogo. Anjelina alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikumweleza Jana maana yake mpaka tulipokuwa njiani kwenda uwanja wa ndege wa Kisumu, na hapo akageukia dirisha mpaka Kisumu.

Chuo chake hakikufurahi. Alikuwa amekosa mitihani, na mradi wake haukuwa ule uliokubaliwa. Alirudia mwaka. Aliniambia kwa simu kwamba waliomsahihisha walitaka kujua kwa nini ripoti ina sura nzima juu ya mguu wa mtu, na kwa nini kuna jina la mbunifu wa pili ambaye si mwanafunzi wao. Akawaambia ni kwa sababu wapo wawili. Sasa anafanya kazi katika kampuni inayotengeneza majiko ya mikahawa. Humpigia Anjelina sikukuu zikifika, na huongea naye kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa Kiswahili asingekiita kizuri, lakini kinafika.

Baada yake niliwapokea wanafunzi wengine wengi, na nilibadilisha mambo machache. Kila mgeni hufanya kwanza kazi ya mwenyeji wake kwa mikono yake kabla ya kuchora chochote. Hakuna kinachojaribiwa kwa maji ikiwa hakitabeba maji. Mtu akiumia, familia yake husikilizwa kabla ya chuo. Madam Lusweti, haya ndiyo majibu ya maswali yako mengi. Kuhusu mwanafunzi anayekataa kula, mpe chai na umwache.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipita kwenye kiwanda kingine cha sukari nguru, upande wa Malava, ambako sikuwahi kumpeleka mwanafunzi hata mmoja. Juu ya bomba la moshi kulikuwa na mfereji wa bati, na mwisho wake kilango cha mbao. Nikamuuliza mwenye kiwanda ameutoa wapi.

"Huu?" alisema, akaupiga kofi kwa fahari. "Huu ni marehemu babangu alivumbua. Watu wote wa barabara hii wametuiga sisi."

"Unafanya kazi vizuri?"

"Sana, mama. Tangu tuweke, hapa hakuna mtu ameungua."

Nilimwambia babake alikuwa mtu wa akili nyingi, nikanunua tofali moja, nikaenda zangu.